Kusoma namba za magari na kuzipa thamani: mwongozo wa fundi tairi wa Usagara

Fundi tairi kazi yake ni kuchuchumaa. Ukichuchumaa nyuma ya lori pale njia panda ya Usagara, nje kidogo ya jiji la Mwanza, kinachokukodolea macho kabla ya tairi ni pleti namba. Ndiyo maana wengi ninaowajua wenye ugonjwa huu wa kusoma namba ni mafundi, makondakta na wauza mahindi ya kuchoma, si wenye magari. Mwenye gari anaijua namba yake tu, na wengine hata hiyo mpaka wachungulie kadi.

Vijana wa kijiweni wameniomba niwaandikie ninavyofanya, kwa hiyo haya.

Anza kwa kujua unachokisoma. Gari la raia Tanzania Bara lina T, tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Kibao cha njano ni gari binafsi. Cheupe ni la biashara, kama daladala, teksi, basi na lori la mizigo. Gari likibadilishiwa matumizi linabadilishiwa rangi ya kibao, namba inabaki ileile. Likiuzwa, namba inaenda nalo mpaka linapokufa. Shika hilo vizuri, maana ndilo linaloutofautisha mchezo wetu na wa matajiri wa nje. Dubai namba ni mali inayosimama yenyewe: Aprili 2023 kibao kilichoandikwa P 7 kilipigwa mnada kikafika dirham milioni 55. Uingereza nako, 25 O ilinunuliwa mwaka 2014 kwa zaidi ya pauni laki tano. Huku kwetu huwezi kuing'oa namba nzuri ya Vitz ukaipachika kwenye Prado. Thamani ninayoizungumzia ni ya daftari na ya ubishi wa kijiweni, ingawa kuna mahali inagusa hela kabisa, nitafika huko.

Nje ya T kuna ukoo mwingine. SU ni mashirika ya umma, SM ni serikali za mitaa, STK na ndugu zake STL na STJ ni serikali kuu, PT ni polisi, JW ni jeshi, DFP ni miradi ya wafadhili, CD ni wanadiplomasia. Pikipiki na bajaji ni MC. Hizo MC mimi nawaachia watoto. Ni nyingi kama dagaa, vibao vimepinda, na boda hasimami usome. SM nazo sizihangaikii, Mwanza zimejaa. CD moja ikishuka Usagara, hapo hata spana naiweka chini.

Sasa mahali pa kukaa. Zamani ufalme wetu ulikuwa Kigongo. Magari yanapanga foleni kusubiri pantoni ya kwenda Busisi, nawe unatembea kandokando ya foleni ukisoma moja moja kama mgeni rasmi anayekagua gwaride. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, kilomita tatu za lami juu ya maji, gari linapita mbio na dereva hana habari na wewe. Abiria na wagonjwa wamepona, wasoma namba tumepata hasara. Foleni ya kivuko iliyobaki yenye maana ni Kamanga, pale mjini, kwa magari ya Sengerema. Nenda kabla kivuko hakijafunga gati, magari yamezimwa na madereva wameshuka kunywa chai.

Kama unataka namba za ng'ambo, fuata barabara zake. Magari ya Kenya yanaingilia Sirari, yanapita Tarime na Musoma, kwa hiyo yawinde upande wa Nyamhongolo, Igoma na Buzuruga. Ya Uganda yanaingilia Mutukula, na yanayokuja Mwanza kwa njia ya Geita lazima yapite daraja na kutokea kwetu Usagara. Mwaloni Kirumba ndipo pa kubahatisha: dagaa na samaki wakavu wanauzwa mpaka Kongo, na gari linalofuata mzigo wa namna ile linaweza kuwa na kibao ambacho hujawahi kukiona. Yale ya IT, yanayotoka bandarini Dar kwenda nchi jirani, mengi yanakata Kahama kuelekea Rusumo, kwa hiyo likitokea huku liandike. Na Z ya Zanzibar kwenye barabara ya Shinyanga, uko mbali na bahari namna hiyo? Mimi naipa alama kuliko hata ya Uganda, na asiyekubali alete hoja.

Za Kenya zina raha yake kwa sababu herufi zake zinakupa mwaka bila kuuliza. KBA zilianza 2007, KCA 2014, KDA 2020. Ukiona basi lina KB na bado linavuta mlima, mpe heshima fundi wake. Uganda walianza vibao vya kidijitali mwaka 2023, na muundo umebadilika: UA, tarakimu, kisha herufi mbili. Zile za zamani za UAA na herufi moja mwishoni zitaendelea kupungua, kwa hiyo anza kuzikusanya sasa hivi.

Kusoma kwenyewe kunahitaji mkono, si macho peke yake. Kibao kizuri ni bati la aluminiamu lililogongwa tarakimu zikatuna. Rangi nyeusi inakaa juu ya huo mwinuko, na ndiyo inayoanza kubanduka, kwa sababu ndiko tope na brashi ya kuoshea zinakokwangua. Kwenye malori ya vumbi 8 inageuka 3, maana upande wa kushoto umekwisha rangi. Usiandike kwa kukisia. Pitisha kidole: mwinuko wa 8 unazunguka wote, wa 3 unakatika. Angalia na ribiti pia. Kuna wanaopigilia kibao kwa ribiti nyeusi katikati ya tarakimu, na kutoka hatua kumi 1 inaonekana 4 na 0 inaonekana 8. Kwenye semi kumbuka kichwa kina namba yake na tela lina yake. Ya nyuma ni ya tela, na mara nyingi herufi zake ni za miaka ya mbali na za kichwa.

Haya, thamani. Wanaoanza wote wanakimbilia pacha: 111, 222, mpaka 999. Ni nzuri kweli, kwa sababu kila kundi la herufi lina 777 moja tu nchi nzima. T 777 yenye herufi fulani ikianguka mlima wa Sekenke, ndiyo imekwisha hiyo. Halafu kuna ngazi, kama 123, 456 na 789, na za kwenda na kurudi, kama 747 au 252. Baada ya hapo tazama herufi. Kwenye zinazoanzia D kuna vichekesho vya bure. Kuna Noah ya abiria inakuja kwangu mara kwa mara, viti vimechanika, mlango unafungwa kwa waya, na herufi zake ni DED. Tunaiita Mkurugenzi wa Halmashauri, maana kwa kifupi cha Kiingereza ndiye DED. Kuna DUA, ambayo ukiikuta kwenye basi la usiku inabidi ucheke na kusali kwa pamoja. Ukipata DDD yenye pacha mbele, nyamaza kwanza, pumua, halafu ndiyo uwaite wenzako.

Lakini mimi sitoi alama kwa namba peke yake. Naisoma pamoja na gari lililoibeba na mahali ilipo. 114 ni simu ya zimamoto. Kwenye IST ni namba tu, kwenye boza la maji ni alama zote. 255, namba ya simu ya Tanzania, kwenye lori linalotoka Kenya likirudi nyumbani ni tamu. 888 Agosti wakati wa Nanenane, juu ya pikapu iliyojaa mbuzi, hiyo naiandika kwa kalamu nyekundu. Na 777 kwenye Fuso inayonuka dagaa naiweka juu ya 777 kwenye V8 mpya, kwa sababu ya Fuso imeletwa na zamu yake kwenye foleni ya usajili, hakuna aliyeitafuta.

Kwa hoja hiyohiyo, namba za majina hazipati kitu kwenye daftari langu. Mtu ana haki ya kulipia jina lake likae kwenye kibao. Ada yake ilipandishwa mwaka 2016 kutoka milioni 5 hadi milioni 10 kwa miaka mitatu, na anayetoa fedha hiyo ameichangia serikali, Mungu ambariki. Ila amenunua, hakubahatika. Wenzangu wa stendi ya Nyegezi wanazipa alama, na tumeshagombana kuhusu hili mpaka chai ikapoa.

Hela inaingia hapa. Ukitaka kununua gari la mkononi Mwanza, dalali hakwambii mwaka, anakwambia herufi ya kwanza kati ya zile tatu. "Namba E hii bosi, mpya kabisa." Herufi zinaonyesha gari liliandikishwa lini Tanzania, hazisemi lilitengenezwa lini. IST za umbo la kwanza zilitoka kiwandani kati ya 2002 na 2007. Moja ikishuka melini juzi inapewa E, wakati pacha wake aliyefika zamani ana C na anauzwa kwa bei ya kuhurumiwa. Kwa jicho langu, C iliyotunzwa na mtu mmoja inaishinda E iliyochoka huko ilikotoka. Ila ukikubali kulipa bei ya E, jua unalipia herufi, na siku ya kuuza uilipishe vilevile.

Ukiwa unakagua, soma na vioo. Wengi hapa wanachora namba ya gari kwenye vioo vya milango na vya pembeni kuzuia wezi. Namba ya kioo kimoja ikikataa kufanana na kibao, labda kioo kilivunjika kikabadilishwa kwa cha gari jingine, jambo la kawaida. Vikikataa vyote, mwambie dalali unakwenda kujisaidia, na usirudi. Kibao kinachong'aa kwenye gari lililochakaa nacho uulize. Huenda cha kwanza kilidondoka kwenye mashimo, lakini kadi ndiyo itakayosema.

Adabu. Mtu anayesimama stendi na kalamu akiandika namba, Mwanza hii, anadhaniwa ni wa mikopo. Kama si wa mikopo basi ni askari kanzu. Salimia kwanza. Ukimkuta mzee amekaa kwenye usukani, "Shikamoo baba, naomba nisome namba yako, ni nzuri," na mara nyingi atashuka aje aitazame mwenyewe kana kwamba haijui. Dereva mmoja wa semi aliniuliza, "Fundi, unaziba pancha au unasoma gazeti?" Siku hizi akipita ananipigia honi na kunitajia namba alizoziona njiani. PT na JW soma kwa macho, usitoe simu kupiga picha. Na namba ya mtu usiirushe kwenye magrupu pamoja na mahali alipoegesha. Mwenye gari ana mke, ana bosi, ana mambo yake.

Daftari langu ni kauntabuku la kawaida: namba, aina ya gari, mahali, lilikuwa linaelekea wapi. Tumia kalamu ya risasi, maana wino na grisi haviivani. Wenye subira wanacheza mfululizo, yaani ukishaona 385 huruhusiwi kuandika chochote mpaka uione 386, herufi zozote, gari lolote. Picha haikubaliki, lazima uwe umeiona kwa macho yako. Mkiwa wawili, aliyeitaja kwanza kwa sauti ndiye mwenye nayo. Tela linahesabiwa. Makondakta wanasema halihesabiwi kwa sababu halina injini, nami nawaambia lina kibao, lina kadi, na tairi zake naziziba mimi.