Saa Tatu Usiku Iwe ya Riwaya

Ukitaka kuiacha runinga ili usome riwaya, usianze kwa kuiuza. Anza na kipindi kimoja tu. Kwangu kilikuwa tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, saa tatu usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. Mwezi mmoja hela ya kifurushi ilikwenda kwenye sare za watoto, king'amuzi kikakaa kimya siku tisa. Usiku wa pili nikashika kitabu. Kifurushi kiliporudi niliikuta tamthilia karibu palepale nilipoiacha, ila kitabu nilikuwa nimekifunga mahali pabaya na usingizi haukuja.

Kwa hiyo saa iwe ileile. Vyombo vimeshaoshwa, watoto wamelala, mwili umezoea kuketi. Simu ibaki jikoni kwenye chaji. Taa ikae nyuma ya bega lako, si usoni.

Kitabu cha kwanza kiwe cha upelelezi. Nilianza na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960. Mtu amekutwa amekufa mzimuni, kila mmoja ana maneno yake, na mpelelezi Bwana Msa ametulia na kiko chake anawaza. Hutalala kabla hujajua nani kaua. Neno usilolifahamu lipite; likirudi mara tatu utakuwa umelielewa bila kamusi.

Riwaya uliyofundishwa darasani iache kwa sasa. Utaisoma huku unatafuta dhamira na wahusika kama vile mtihani ni kesho. Rosa Mistika ya Kezilahabi mimi niliijibia maswali shuleni, nikapata alama nzuri, wala sikuwa nimeisoma. Nimeirudia nikiwa na binti wa miaka kumi na minne. Pale Zakaria anapompiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya Charles, niliweka kitabu chini nikaenda kumtazama mwanangu amelala. Na Zakaria wangu ana uso wa fundi mmoja wa Iringa aliyekuwa akipita mbele ya nyumba yetu jioni akiimba, nami nikijificha nyuma ya mlango. Hakuna mtengeneza filamu anayeweza kuniletea uso huo. Ni wangu, umetoka katika utoto wangu.

Vitabu vinapatikana. Dar es Salaam lipo duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House) barabara ya Samora, ipo Maktaba Kuu ya Taifa iliyofunguliwa 1967, na wapo wanaotandika vitabu vya mtumba chini kando ya barabara. Ukinunua kwa hao, fungua kurasa za mwisho kwanza. Si kuzisoma, ni kuhakikisha zipo. Nimewahi kubaki na riwaya isiyo na karatasi nane za mwisho, na hadi leo sijui yule mama alimpata mtoto wake au la.

Alama ya ukurasa mimi natumia vipande vya kitenge, kwa kuwa nashona. Kila kitabu na kipande chake.

Sasa jambo ninalotaka ulijaribu kuliko yote: soma kwa sauti. Mama mkwe wangu ni mtu wa Unguja, anaishi nasi Mbagala. Mtoto wa jicho amemwacha akiiona runinga kama moshi wenye rangi. Usiku mmoja akaniuliza, "Unasoma nini peke yako, mwanangu?" Nilikuwa nimeanza Vuta n'kuvute ya Adam Shafi. Nikarudi ukurasa wa kwanza. Nikafika kwenye neno tungule, nikasita. Kwetu bara tunasema nyanya. Yeye akacheka, akasogeza mkeka karibu. Tangu hapo yeye ndiye kamusi. Yasmin, msichana wa kitabu hicho, anapopita mitaani Unguja, mama ananinyamazisha kwa mkono, ananieleza uchochoro unatokea wapi na nani alikuwa akiuza kahawa hapo. Mume wangu, aliyekuwa akitazama mpira kwa sauti ya juu, alianza kupunguza sauti, kisha akahama kiti.

Soma polepole kuliko unavyodhani inafaa. Mtu anaposema ndani ya kitabu, usiigize. Badilisha sauti kidogo tu. Kwa sauti, nusu saa inanipa kurasa kumi hivi, kwa hiyo kitabu cha kurasa 200 kinatutosha siku ishirini. Acha katikati ya tukio, si mwisho wa sura. Asubuhi mtakunywa chai mkibishana Denge, mpenzi wa Yasmin, angefanya nini, na huo ndio utamu wenyewe. Wakati mwingine naona unazidi ule wa kusoma.

Kitabu kisipokushika baada ya kurasa hamsini, kirudishe rafuni, chukua kingine. Huna deni nacho.

Na ukimaliza, usifungue kipya usiku huohuo. Tulipofika ukurasa wa mwisho wa Vuta n'kuvute, mkono wangu ulishagusa Siku Njema ya Ken Walibora. Mama akaufunika kwa wake. "Mwache kwanza Yasmin apite," akasema. Tukakaa kimya hadi taa ya jirani ikazimwa.