Tafakuri Kwanza, Halua Baadaye: Namna ya Kufunga Mradi wa Darasa

Kosa la kawaida ni kufanya sherehe siku ileile kazi inapokwisha. Mtoto akishaonja halua na kupigiwa makofi, hatasema tena kwamba tanga la kijahazi chake lilipasuka. Acha siku moja ipite, kisha toa kipindi kizima cha dakika 35 kwa tafakuri pekee.

Tuseme gredi ya 5 hapa Lamu imeunda vijahazi vya mbao, wanafunzi 40 katika vikundi 8. Kila mmoja aandike peke yake dakika 7, kimya. Ukianza na mazungumzo, msemaji mmoja hubeba kikundi kizima. Usiulize "Umejifunza nini?" Utajibiwa "mengi", basi. Uliza: Chombo kililalia upande gani mlipokitia kwenye beseni? Mlibadilisha nini, na kwa nini? Hapo ndipo utasikia kuwa mlingoti ulikuwa mrefu mno, au kalafati, yaani pamba ya kuzibia, haikujaza mwanya kati ya mbao. Kile cha kwanza kilichozama kisitupwe. Kikae kando ya kilichoelea, watoto wakionyeshe kwa kidole wanapoeleza.

Kisha vikundi 4 vibaki na kazi zao, 4 vizunguke, dakika 3 kila meza. Baada ya dakika 12 wabadilishane. Zinasalia dakika 4 tu za kuhamahama, kwa hiyo meza zipangwe kabla ya kengele. Wageni waache kikaratasi chenye jambo moja waliloliona na swali moja. Neno "nzuri" lipigwe marufuku; halimsaidii fundi.

Sherehe yenyewe haina makuu. Ijumaa asubuhi hufaa, mradi imalizike mapema watu wajitayarishie sala. Maandishi yatundikwe kwenye uzi kwa vibanio vya nguo, kwani gundi haishiki ukuta wa chokaa wenye unyevu. Kila karatasi vibanio viwili, la sivyo upepo utaigeuza.

Zawadi za namba moja hadi tatu hatuzipendi: vikundi 5 vitarudi nyumbani vimenuna. Mzazi aliye fundi wa vyombo apewe nafasi ya kuuliza, si ya kuhutubu.

Na kikitokea kijahazi kilichopigwa msasa kikang'aa kuliko vya dukani, usimwaibishe mtoto. Muulize tu mataruma, yaani mbavu za chombo, yalishikizwaje kwenye mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo kizima. Ikiwa kazi ni ya mtu mzima, macho yatamkimbilia babake.