Anza na kazi ile usiyoipenda

Usianze na kazi unayoifurahia. Chukua ile inayokuchosha roho, labda kufua au kujaza fomu zilezile kila siku, umkabidhi Mungu hiyo kwanza. Kabla hujaigusa, taja kimoyomoyo jina la mtu mmoja itakayemfaa. Ukifua shati, ukafika kwenye kola, pale uchafu unapogoma kutoka, mwombee atakayelivaa: safari yake, mgongo wake unaomuuma, lile analoliogopa. Kola ikitakata, sala nayo imekwisha. Haikuongezei hata dakika moja.

Paulo alipoandika "lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana" (Wakolosai 3:23), alikuwa akisema na watumwa, watu wasiojichagulia kazi. Hilo hunigusa sana. Na katika Mwanzo 2:15 Adamu anapewa bustani ailime na kuitunza kabla dhambi haijaingia. Kitenzi cha Kiebrania cha "kulima" hapo, abad, ndicho kinachotumika pia kwa kumtumikia Mungu.

Ila jamani, mstari huo wa Wakolosai usigeuzwe kisingizio cha kumnyonya mtu. Mbele kidogo tu, 4:1, mabwana nao wanaagizwa wawape watumwa wao yaliyo haki.