Kabla ya kukaza mazabodi, angalia vijiguu

Ukinunua mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya soketi ya LGA1700, yaani kikalio cha prosesa za Intel, soma boksi vizuri: nyingine zinapokea RAM ya kizazi cha DDR4, nyingine cha DDR5, ingawa prosesa ni ileile. Mkato wa RAM haulingani, kwa hiyo usilazimishe.

Sasa kwenye kesi, lile boksi la kompyuta. Vile vijiguu vya shaba vinavyobeba mazabodi, vifunge penye tundu la skrubu tu. Mimi niliwahi kusahau kukitoa kimoja katikati, pasipo na tundu. Kikagusa mgongo wa bodi, mashine ikawa kimya kabisa, nikabaki kulaumu pawa saplai bure. Na lile bati la nyuma ya kesi, lenye matundu ya kuchomekea nyaya, kama halikuja limeungwa kwenye bodi, lipachike kwanza. Ukilisahau utafungua skrubu zote upya.