Jinsi ya kufundisha manesi wa leba kumpumulisha kichanga kwa ambu

Slaidi weka pembeni, leta mdoli na ambu (mfuko wa kubonyeza wenye maski, wa kumpa mtoto pumzi) mezani, kila nesi ashike mwenyewe. Kichwa kikae kama mtoto ananusa kitu, usikivute nyuma sana maana njia ya hewa inaziba, maski ifunike mdomo na pua ila isiguse macho. Hapo kwenye mkono ndo wengi wanakosea jamani, wanakandamiza maski badala ya kuinua taya: gumba na shahada vishike maski kama herufi C, vidole vingine vivute taya juu. Bonyeza mara 40 hadi 60 kwa dakika, macho kifuani. Kifua hakipandi? Rekebisha kichwa, weka maski upya, angalia ute mdomoni. Na saa iwe mezani, mtoto asiyepumua anatakiwa aanze kupewa pumzi ndani ya dakika 1 tangu azaliwe.