Folda ya mtandao haifunguki kwenye Linux: fuata namba ya kosa

Usihangaike na ukurasa wa "Mtandao" kwenye programu ya mafaili. Ukiwa mtupu haina maana kwamba seva imekufa. Zamani orodha ile ilitegemea SMB1, yaani toleo la kwanza la SMB (itifaki ya kushirikishana mafaili kwenye mtandao), na Samba, programu ya SMB kwenye Linux, ilizima SMB1 kwa chaguo-msingi tangu toleo la 4.11 la mwaka 2019. Bonyeza Ctrl+L, uandike anwani mwenyewe (hapa na kote chini, 192.168.1.20, hesabu na juma ni mifano ya seva, folda na mtumiaji; weka vyako):

smb://192.168.1.20/hesabu

Ikifunguka, kilichokwama ni kutafuta majina tu. Hifadhi alamisho, uendelee na kazi.

Isipofunguka, hamia kwenye terminali, maana dirisha la kosa huficha sababu. Kwa Ubuntu, Debian au Mint:

sudo apt install smbclient cifs-utils
smbclient -L //192.168.1.20 -U juma

Ukiona NT_STATUS_LOGON_FAILURE, jina au nenosiri limekataliwa. Seva ikiwa ni Windows, PIN ya kuwashia kompyuta haifanyi kazi kupitia mtandao. Linatakiwa nenosiri la akaunti yenyewe. Seva ikiwa ni Linux, Samba ina hifadhi yake ya manenosiri, kwa hiyo mtumiaji lazima asajiliwe kule kule kwa sudo smbpasswd -a juma. Hili husahaulika mno.

Orodha ikitoka salama, unganisha folda:

sudo mkdir -p /mnt/hesabu
sudo mount -t cifs //192.168.1.20/hesabu /mnt/hesabu -o username=juma,uid=$(id -u),gid=$(id -g)

Ukiacha uid na gid, mafaili huonekana ni ya root (msimamizi mkuu wa mfumo): utayasoma, lakini kuandika utakataliwa.

Amri ya mount ikikataa, itataja namba ya kosa. Kosa 13 ni ruhusa au nenosiri. Kosa 2, jina la folda limekosewa. Kosa 115 kwa kawaida ni fayawoli; pima mlango kwa nc -zv 192.168.1.20 445. Ujumbe wa "bad option" mara nyingi hutokea pale cifs-utils inapokosekana.

Kosa 112 ndilo linalopotosha watu. Linasema "Host is down" hata seva ikiwa hai na inajibu ping, kwa sababu pande mbili hazikuafikiana toleo la SMB. NAS kuukuu (kifaa cha kuhifadhia mafaili kwenye mtandao) huenda ikakubali ukiongeza vers=1.0 baada ya -o, lakini tumia vers=1.0 kuhamisha mafaili tu kisha uiondoe: programu hasidi ya WannaCry ya mwaka 2017 ilipenya kwenye udhaifu wa SMB1. Mengine yatafute kwa sudo dmesg | tail.

Kwa muunganisho wa kudumu, weka mistari username= na password= ndani ya /etc/hesabu.cred, uifungie kwa sudo chmod 600, kisha kwenye /etc/fstab (orodha ya vitu vya kuunganishwa kompyuta inapowaka):

//192.168.1.20/hesabu /mnt/hesabu cifs credentials=/etc/hesabu.cred,uid=1000,gid=1000,_netdev,nofail,x-systemd.automount 0 0

Usiache nofail, la sivyo seva ikizimwa kompyuta yako inaweza kukwama wakati wa kuwaka. Jina la folda likiwa na nafasi, andika \040 mahali pa nafasi hiyo.