Maswali ya kundi la herufi lisilofanana: ya kuandaa kabla ya mtihani

Chukua makundi haya manne: BDG, HJM, NPS, TVZ. Matatu yamepangwa kwa kanuni moja, la nne limejitenga. Litafute kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Kama umejibu NPS, tatizo si akili yako. Huenda umehesabu kwa alfabeti ya Kiswahili, ile tuliyoimba tukiwa wadogo, ambayo haina Q wala X. Kwa alfabeti hiyo, P hadi S ni hatua mbili na V hadi Z ni hatua tatu, kwa hiyo NPS inaonekana imekosea na TVZ inaonekana iko sawa. Maswali haya hutungwa kwa herufi 26. Ukirudisha Q na X mahali pake, utaona BDG, HJM na NPS yote yanaruka hatua mbili kisha tatu, na TVZ inaruka mbili kisha nne. Jibu ni TVZ.

Ndiyo maana maandalizi yanaanzia kwenye safu ya herufi 26 na namba zake, kabla ya mbinu nyingine yoyote. Usikariri zote kwa mkupuo. Shika nguzo tano: E ni 5, J ni 10, O ni 15, T ni 20, Y ni 25. Wanafunzi wa India huzitamka kama neno moja, EJOTY. R je? Iko nyuma ya T kwa hatua mbili, basi ni 18. Zoea pia kurudi nyuma, kutoka Z hadi A bila kusita. Wengi hawajawahi kujaribu, na mitihani hupenda kurudi nyuma.

Kisha zijue jozi za kinyume, yaani A na Z, B na Y, hadi M na N. Namba za kila jozi zikijumlishwa hutoa 27. Wahindi huikumbuka G na T kwa barabara ya Grand Trunk. Sisi tuna maneno yetu: H na S ni hesabu, K na P ni kipa, I na R ni Iringa, G na T ni gati, na L na O ni ile "lo!" ya mshangao. Ukiwa nayo kichwani, swali la FU, KP, LO, HT halikuchukui sekunde tano, maana H mwenzake ni S.

Amua mapema utapima nini kwanza. Mimi huanza na hatua kati ya herufi, kisha jozi za kinyume, mwisho irabu. Mpangilio huu unasaidia pale kundi zaidi ya moja linapoonekana kujitenga. Katika ACE, HJL, PRT, LNQ, jicho hukimbilia ACE kwa sababu ndiyo pekee yenye irabu. Lakini ACE, HJL na PRT yote yanaruka mbilimbili, na LNQ inaruka mbili kisha tatu. Kanuni inayoeleza makundi matatu yana nini ina nguvu kuliko inayoeleza yanakosa nini, kwa hiyo ningechagua LNQ.

Soma pia masharti ya mtihani wako. Katika hatua ya kwanza ya mtihani wa CGL wa tume ya ajira ya India, SSC, maswali ni 100 kwa dakika 60, na 25 kati yake ni ya kupima fikra. Hiyo ni wastani wa sekunde 36 kwa swali. Jibu sahihi hupewa alama 2, na kosa hukatwa 0.50. Kama mtihani wako nao unakata alama, jizoeze kuacha swali lililokugomea.

Siku yenyewe, ukiruhusiwa kuanza, andika A hadi M kwenye karatasi ya rafu, na chini yake Z kurudi hadi N. Kila herufi itakuwa imekaa juu ya kinyume chake. Ukimaliza, tazama ukingo wa kulia: N iwe chini ya M. Isipokuwa hivyo, kuna herufi umeiruka. Anza kuitafuta kwa Q na X.